Salamu ya Mdomo Uliofunikwa

Nyumbani kwa Mzee Hussein, siku huanza kwa salamu. Chai hufuata baadaye. Ziada, mke wa mwanawe, hufagia uani na kuinjika uji. Kisha huenda barazani, hupiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Umeamkaje?"

Hapo ndipo siku inapofunguliwa. Mtu akipita njiani na baiskeli yake bila kumwamkia mzee huyu, jina lake litatajwa mpaka jioni.

Nyumba hiyo iko Kisangwe, kijiji kidogo kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, ukishapita kijiji kiitwacho Ulaya. Kondo, mume wa Ziada, analima mpunga na ufuta. Ziada ni nesi wa zahanati ya kijiji. Mzee Hussein amelima mpaka magoti yamekataa, na sasa kazi yake ni kukaa barazani na kuangalia nani ana adabu. Ana pumu ya miaka mingi. Vumbi likizidi, kifua chake hupiga miluzi, naye hucheka. "Mnasikia?" husema. "Kifua changu kinaimba."

Huo ulikuwa mwaka ambao Uviko ulirudi kwa nguvu. Ziada alikuwa ameitwa kwenye semina Kilosa, akafundishwa jinsi mtumishi wa afya anavyojikinga na kuwakinga wagonjwa. Aliporudi, akaanza kuvaa barakoa kazini kutwa nzima. Kwa siku chache mambo yalikwenda vizuri.

Kisha Bibi Magdalena akaenda zahanati kutibiwa mguu.

Bibi Magdalena ni jirani, mjane, na mdomo wake haulazi neno. Alipotoka zahanati hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Hussein.

"Mzee mwenzangu, nimetoka kwa mkweo," alisema. "Dawa kanipa. Lakini ameniamkia huku mdomo kauziba. Shikamoo ya ndani ya kitambaa! Kwani mimi nanuka?"

Mzee Hussein aliona aibu kweli. Jioni alimwita Ziada.

"Mwanangu, ni kweli maneno ya Magdalena?"

"Ni barakoa, baba. Inazuia ugonjwa."

"Barakoa naijua. Redio naisikiliza. Sikukatazi kuivaa. Lakini unapomwamkia mkubwa wako, fungua mdomo. Salamu ya mdomo uliofunikwa si salamu. Na mwacha mila ni mtumwa."

"Nimekusikia, baba."

Msomaji, najua unachotaka kusema. Kwa nini hakumweleza? Haya, jaribu wewe kumwambia baba mkwe wako kwamba amekosea, kisha uje unisimulie.

Basi Ziada akatafuta njia ya katikati. Akiingia kijana, barakoa inabaki mahali pake. Akiingia mzee, Ziada anaishika barakoa kwa mbele na kuiteremsha kidevuni. Anasogea karibu, anaamkia, anasubiri marahaba, anauliza habari za nyumbani. Ndipo anaipandisha tena. Kwa siku moja barakoa ile ilishuka na kupanda kama ndoo ya kisimani. Wazee wakafurahi. "Huyu nesi amesoma," walisema, "lakini adabu hakuiacha huko shuleni."

Sifa ni tamu. Ziada alizipenda, na simlaumu.

* * *

Asubuhi moja alifika mgeni kutoka Mikumi. Alikuwa Devota, muuguzi msimamizi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kuzungukia zahanati na kuona watumishi wanajikinga vipi. Kwanza alimuuliza Ziada maswali. Ziada alijibu yote bila kusita. Kisha Devota akavuta kiti pembeni, akakaa kimya, akatazama kazi inavyokwenda.

Wagonjwa walipoisha, akamwita.

"Ziada mdogo wangu, maswali umeyajibu yote. Mimi mwenyewe nisingejibu vizuri hivyo."

"Asante, dada."

"Sasa nikuulize jingine. Ugonjwa huu unatokaje kwa mtu?"

"Kwa mdomo na pua, dada. Akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea karibu na mwenzake."

"Hata akiongea. Na kuamkia ni kufanya nini?"

"Ni kuongea, dada."

"Yule mzee wa mwisho," Devota aliendelea. "Kabla hujamwamkia, vidole vyako vilikuwa wapi?"

"Kwa yule mtoto mwenye homa. Nilikuwa nampima."

"Ulinawa?"

"Hapana. Mzee alikuwa ameshaingia."

"Ukashika barakoa kwa mbele, pale inapokusanya kila kitu. Ukaitoa wakati mzee yuko mbele ya uso wako. Kisha ukampa mkono. Uliifungua njia mara tatu kwa salamu moja."

Devota alichukua barakoa mpya akamwonyesha polepole, kama mtu anayemfundisha mwanawe kusuka mkeka.

"Ukitaka kuvaa, nawa kwanza kwa maji na sabuni. Funika pua, mdomo na kidevu. Ukishavaa, usiiguse mbele. Ukitaka kuvua, nawa, shika kamba za masikioni, ivue bila kugusa kitambaa, itupe kwenye ndoo yenye mfuniko, nawa tena. Ikilowa, badilisha. Kidevuni si mahali pake. Na mikono inaoshwa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kila mgonjwa. Hata glavu hazikuondolei kunawa."

"Haya yote nayajua, dada."

"Najua kwamba unayajua. Kwa nini huyafanyi?"

Ziada aliangalia mlangoni kama kuna mtu anayesikiliza. "Dada, wewe umetoka Mikumi na leo utarudi Mikumi. Mimi nabaki hapa na wazee hawa. Mmoja wao nakaa naye nyumba moja. Watasema nimesoma mpaka nawadharau."

Devota hakucheka. "Hofu hiyo naielewa. Lakini heshima haikai kwenye midomo peke yake. Weka mkono kifuani, inama, amkia kwa sauti ya kusikika. Na uwaeleze sababu kabla hawajakuuliza. Mzee wako ana afya?"

"Ana pumu."

"Basi anza na yeye. Leo."

"Nitaanza, dada."

Aliahidi kwa moyo wote. Lakini jioni ile Mzee Hussein alikuwa na wageni barazani, na Ziada akaona si vizuri kumfundisha baba mkwe mbele za watu. Akasema atamweleza kesho.

* * *

Kesho yake Bibi Magdalena alifika zahanati akikohoa.

Ziada aliweka mkono kifuani, akainama. "Shikamoo bibi," alisema, barakoa ikiwa mahali pake.

Bibi Magdalena hakujibu. Alisimama mlangoni. Hakuingia, hakutoka. Watu wote kwenye benchi wakanyamaza na kumtazama nesi. Mwanamke mmoja akaguna.

Mkono wa Ziada ukapanda wenyewe. Ukashika barakoa, ukaishusha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu!" Bibi Magdalena akamsogelea, akamshika mikono yote miwili. "Sasa nimekuona!" Akakohoa. Ziada aligeuza uso, lakini alichelewa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Ziada lilikuwa limeisikia dawa jana tu, tena yote, na bado.

Siku chache zikapita. Ziada alijisikia mchovu, akasema ni kazi. Jioni moja alikuwa anakaanga vitunguu jikoni. Kondo akaja mbio kutoka uani.

"Vitunguu vinaungua! Husikii harufu?"

Ziada alitazama sufuria. Moshi ulimchoma macho. Harufu hakuisikia hata kidogo. Alichukua kipande cha sabuni akanusa. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya mafuta ya taa akanusa. Hakuna. Akakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa amepiga goti barazani, akamwamkia mzee na kummiminia uji.

"Kondo," alisema, "usinisogelee. Nenda nje. Mwondoe baba barazani, mkae mbali nami."

"Kuna nini?"

"Nina Uviko. Nadhani ninao."

Ziada alihamia ghalani, kwenye magunia ya mpunga. Ghala lilikuwa na dirisha dogo linalotazama uani, na ukuta wake mmoja ulikuwa ukuta wa chumba cha mzee. Alimpigia simu Devota. Wapimaji walikuja, wakampima, wakathibitisha. Bibi Magdalena naye akapimwa kitandani kwake, akakutwa nao. Zahanati ikasafishwa, na akaletwa nesi mwingine wa kushika zamu.

Mzee Hussein alikuja akasimama mbali na dirisha, akiegemea fimbo.

"Nani kakuambukiza, mwanangu?"

"Sijui kwa hakika, baba."

"Utapona. Mungu yupo," alisema mzee. Kisha akakohoa.

* * *

Siku ya pili yake alfajiri, Ziada alisikia kifua cha mzee kupitia ukutani. Miluzi ya pumu yake aliijua. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa pumzi fupi fupi, za haraka, kama za mtu aliyetoka kukimbia. Ziada alisimama katikati ya ghala. Alikuwa nesi, mgonjwa yuko hatua chache tu, na hakuruhusiwa kumgusa. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

"Kondo!" aliita dirishani. "Nawa mikono, vaa barakoa, ingia kwa baba. Fungua madirisha yote. Mwinue, mkalishe, mwegemeze kwenye mito. Usimlaze."

"Nimemkalisha!"

"Tazama kifua chake. Hesabu kila kinapopanda mpaka niseme basi." Akashika simu na kutazama saa. Dakika moja ikawa ndefu sana. "Basi!"

"Thelathini na sita."

Ziada alifumba macho. Zilikuwa nyingi mno. "Midomo yake ikoje?"

Kondo aliinama kumtazama. "Kama mtu aliyekula zambarau," alisema.

Ziada akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito Kilosa. Akampigia Valentino, mwenye pikapu ya kubebea mahindi. Valentino alikuja, lakini akasimama mbali na geti na kukataa kushuka, akisema naye kwa simu.

"Nesi, nisamehe. Mimi nina watoto."

"Najua, Valentino. Nisikilize, sitakudanganya. Baba akae nyuma kwenye hewa, Kondo amshike akiwa ameketi. Wewe kaa mbele peke yako, vioo wazi, barakoa usoni. Humgusi mtu. Ukifika hospitali Mikumi nawa kwa sabuni. Kisha uoshe gari kwa maji ya sabuni, upanguse na maji ya klorini. Nitakueleza kipimo kwa simu. Lakini tukikaa hapa tunabishana, baba atakufa."

Valentino alishuka. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa pikapu.

Kondo alimbeba baba yake mgongoni, kama baba yake alivyombeba yeye zamani. Walipopita mbele ya ghala, mzee aligeuza uso kumtazama mkwe wake.

"Shikamoo baba," Ziada alisema.

Mzee alifungua mdomo. Pumzi haikutosha. Gari likaondoka.

Tangu Ziada aolewe katika nyumba ile, shikamoo yake haikuwahi kukosa jibu. Alikaa juu ya gunia akalia.

Mchana Kondo alipiga simu kutoka Mikumi.

"Wamemwekea oksijeni. Wanasema tusubiri."

"Anakunywa maji?"

"Kidogo. Ziada, hapa kuna mama anaitwa Devota. Nimeongea naye. Wewe ulijua. Ulielezwa kila kitu."

"Nilijua," alisema Ziada.

Hakutafuta neno la kujitetea. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alikaa naye ghalani siku zote alizojitenga. Kila simu ilipolia aliogopa kuishika. Siku moja Kondo alisema afadhali. Siku iliyofuata alisema, "Usiku umekuwa mbaya." Ziada alimaliza kujitenga, akapimwa tena, akaonekana salama. Siku hiyohiyo akapanda basi la Mikumi.

* * *

Devota alimpokea mlangoni mwa wodi. Hakumsema. Alimwelekeza kwenye maji na sabuni, akampa barakoa safi, akasubiri mpaka amevaa sawasawa.

Mzee Hussein alikuwa ameketi nusu, ameegemezwa mito. Alikuwa amekonda. Kifuniko cha plastiki kilikuwa kimemfunika pua na mdomo, na mpira wake ulikwenda mpaka kwenye mtungi wa hewa. Ziada alisimama pale Devota alipomwonyesha. Akaweka mkono kifuani, akainama.

"Shikamoo baba."

Mzee alifumbua macho. Akamwona. Uso wote ukabadilika. Kisha mkono wake ukaanza kupanda polepole. Ukafika kwenye kile kifuniko, vidole vikakishika kwa mbele, vikaanza kukivuta chini.

"Mzee, usivue!" Devota alisema. "Hiyo hewa ndiyo uhai wako!"

Mkono ukasimama, lakini haukuachia. Mzee alikuwa anamtazama mkwe wake kwa uchungu, kama mtu anayezuiwa kulipa deni. Hakuweza kumjibu mtoto wake akiwa amefunikwa mdomo. Alikuwa tayari kuikosa hewa ili ajibu salamu vizuri.

Ziada aliutambua mkono ule. Ndivyo wake ulivyopanda siku ile mbele ya Bibi Magdalena.

"Baba," alisema, na machozi yakawa yanaingia ndani ya barakoa. "Jibu hivyohivyo. Nitasikia."

Mzee aliitazama barakoa ya mkwe wake. Kisha akakiachia kifuniko. Plastiki ikaingia ukungu.

"Marahaba."

Sauti ilikuwa ndogo, ya chini, imefunikwa. Lakini neno lilikuwa zima.

"Umesikia?" aliuliza mzee.

"Nimesikia, baba. Yote."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe inasikika," alisema.

Nje ya wodi Ziada alimuuliza Devota swali lililomnyima usingizi. "Dada, ni mimi niliyempa?"

"Hakuna anayeweza kujua," Devota alisema. "Wazee wa barazani nao wanakohoa. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ufunguo ulikuwa mkononi mwako. Huo ndio ukweli. Sasa nenda ukaufunge."

* * *

Mzee Hussein alirudi Kisangwe baada ya muda mrefu. Pumzi yake haikurudi yote, na fimbo aliyoishika zamani kwa fahari sasa aliishika kwa lazima. Lakini alirudi. Na alipopata nguvu, alimwambia Kondo ampeleke zahanati akakae.

"Unaumwa, baba?" Kondo aliuliza.

"Siumwi. Nina kazi."

Zahanati ilikuwa imebadilika. Madirisha yalikuwa wazi yote. Wagonjwa walisubiri nje kivulini, wameachiana nafasi, na wanaokohoa walikaa upande wao. Mlangoni Kondo alikuwa ametundika kibuyu chirizi, lile dumu dogo la maji unalolikanyagia kamba ya chini likamwaga, hivyo hakuna anayelishika kwa mkono. Sabuni ilining'inia kando yake. Kila asubuhi Ziada alisimama mbele ya watu na kueleza bila aibu jinsi alivyoshusha barakoa na kilichofuata. Mzee alichanjwa, na wazee wenzake wakafuata. Msimu ule wote hakuna mtumishi mwingine wa zahanati aliyeugua.

Mzee Hussein alikaa mwanzo wa benchi, barakoa usoni, fimbo magotini. Kila mzee aliyekuja alikutana naye kwanza.

Siku moja akaja Bibi Magdalena. Alikuwa amepona. Amepungua mwili, lakini si maneno. Tangu barabarani alikuwa anamsema mtu wa bodaboda. Alinawa, akavaa barakoa yake ya kitenge, akafika mlangoni. Akasimama palepale aliposimama siku ile.

Watu wakanyamaza.

Ziada alisikia vidole vyake vikitaka kupanda. Akaviweka kifuani, akainama mpaka chini. "Shikamoo bibi."

Bibi Magdalena alimtazama. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, akashika barakoa yake, ili ajibu kama mtu mwenye adabu.

Fimbo ya Mzee Hussein ikagonga benchi.

"Magdalena! Hivyohivyo!"

Bibi alishtuka. Alimgeukia mzee. Akaona kifua kile kinavyohangaika kwa ajili ya maneno mawili tu. Mkono wake ukashuka.

"Marahaba, mwanangu," alisema ndani ya kitenge. Kisha, kwa wasiwasi kidogo, "Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Haya," alisema Bibi Magdalena, akaingia na kukaa. "Basi niulize kinachoniuma."